Bati la Upande wa Kushoto

"Hilo bati la nini?"

Corin aliuliza akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kreti ya matufaha mikononi. Viatu vyake vya shambani alikuwa ameviacha nje. Nerida alikuwa amechuchumaa mbele ya oveni, anaingiza keki ya matunda makavu. Ilikuwa keki ya majaribio tu, kabla ya ile yenyewe ya harusi. Zilibaki wiki tatu.

"Bati gani, mpenzi?"

"Hilo ulilolisimamisha humo ndani, ubavuni."

"Ah, hili? La kuzuia moto. Keki isiungue upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Corin akaiweka kreti chini taratibu.

"Nerida, hiyo oveni ni ya umeme. Mwaka jana tulipandisha ngazi nayo wewe na mimi, mgongo ukaniuma wiki nzima. Tangu lini inaunguza kushoto?"

Hapo ndipo Nerida alipoliona bati lile kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amelitumia miezi kumi na mmoja. Kitabu cha mapishi kilisema weka bati, naye akaweka, kama mtu anayekunywa dawa ya ugonjwa wa jirani.

"Nimezoea tu."

"Umezoea wapi?"

Nerida akaufunga mlango wa oveni. Oveni ilikuwa inanguruma kidogo.

"Najua jiko moja tu linalounguza kushoto," Corin alisema. "Ni la kuni, liko kwangu, lina ufa ubavuni tangu enzi za babu yangu. Bati lake nililikata mimi mwenyewe, nikalikunja ncha ya juu hivyo hivyo ulivyolikunja wewe. Jiko hilo halijawashwa tangu tumzike mke wangu Thirza, na sijawahi kukusimulia. Nani alikwambia?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa umeshakaa mdomoni, umevaa na viatu. Lakini alimtazama yule mwanamume aliyekuwa anataka kumuoa, akashindwa.

"Thirza."

Corin akarudi nyuma hatua moja.

"Usinitanie na marehemu."

"Sikutanii. Aliandika kwa penseli, kwenye kitabu chake cha mapishi."

"Kitabu kipi?"

"Cha jalada jeusi. Kimefungwa kwa kamba ya aproni."

"Kile kiliungua."

"Hakikuungua, Corin. Kipo kazini kwangu."

Corin akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akaketi. Miaka minne nyuma, siku ya tatu baada ya mazishi, alikusanya godoro alilougulia Thirza, nguo na maboksi, akayachoma katikati ya mitufaha bila kufungua hata boksi moja. Jioni yake mama mkwe wake, Merle, akaja kuuliza kitabu cha mapishi cha ukoo wao. Kikatafutwa nyumba nzima, hakikuonekana. Merle alisimama juu ya majivu yale mbele ya watu, akamwambia kwamba mwanawe amekufa mara ya pili kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hawakusemezana, ingawa mashamba yao yanatenganishwa na barabara tu.

"Nilikusimulia yote haya," Corin alisema. "Hapa hapa. Nililia mbele yako kama mtoto. Wewe ukanishika mkono, ukasema pole."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Tukishapata mtoto wa pili?"

"Kuna sharti, Corin. Aliyekitoa alitaka jina lake lisitajwe kwa miaka mitano. Sheria ya kazi ilinifunga mdomo."

"Ilikufunga mdomo. Mikono ya kupika mbona haikukufunga?"

Alivaa viatu vyake nje bila kufunga kamba. Nerida alilisikia gari likiondoka kuelekea shambani, bonde la Huon. Keki iliiva baada ya muda wa saa tatu. Haikuungua upande wowote.

*

Nerida Bessell ni mtunzaji wa mikusanyo maalumu katika maktaba moja kongwe ya mji wa Hobart, kule ambako vitabu adimu vinalazwa juu ya mito kama wagonjwa na msomaji haruhusiwi kuingia na peni. Miaka minne nyuma, majira ya matufaha, alifika pale mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kichwani. Alikuwa amekibeba kitabu ndani ya foronya.

"Samahani dada, mnapokea vitabu vya mapishi, au vya maana tu?"

"Vya mapishi ndivyo vinavyoombwa kuliko vyote."

"Basi hiki kina wanawake wanne ndani. Mama wa bibi yangu, bibi, mama, na mimi. Mimi ndiye wa mwisho kuandika."

Aliweka sharti moja, lile la jina. Nerida akauliza sababu. Yule mwanamke akaifungua kamba ya aproni, akaifunga tena.

"Mume wangu akikipata, kila atakayemjali atampikia mapishi ya humu. Atakula na marehemu mpaka azeeke. Nataka siku moja ale chakula cha mtu mwingine."

Alifariki kabla baridi haijaisha. Nerida aliona tangazo gazetini, akamlilia mtu aliyekaa naye nusu saa.

Pale maktaba wana mtindo wao. Kila mwezi mfanyakazi anachagua kitabu cha zamani, anapika kitu, analeta sahani wenzake waonje. Nerida alichagua cha Thirza, na alipokishika hakukiacha. Si kwa ajili ya vyakula. Ni kwa ajili ya maneno ya penseli pembezoni.

*Usikoroge kama unampiga mtu.*

*Bibi aliandika vijiko viwili. Bibi alikuwa mchoyo, tia vitatu.*

*C. amekula sahani tatu, hakusema neno.*

Nerida aliishi peke yake, na chakula cha kwake hata yeye kilimshinda. Akaanza kunakili kurasa, kupika nyumbani, na baadaye kuyajibu yale maneno kwa sauti. "Sawa, Thirza, sikorogi." Siku nyingine alijikuta anageuka, kama mtu aliyeulizwa kitu na aliye nyuma yake. Na huyo C. akawa anamjua: hali karafuu, anapenda maganda ya mkate, akikasirika anakwenda kupogoa miti. Alimpenda kabla hajamwona, huo ndio ukweli wenyewe.

Kisha mwaka jana C. akaingia mlangoni.

Alikuwa anatafuta majina ya matufaha ya zamani yaliyoota kwenye kona ya shamba lake. Nerida alisoma fomu aliyoijaza, Corin Direen, akashika ukingo wa meza. Akamhudumia. Corin akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wiki ya tano Nerida akamkaribisha chakula cha mchana, na aibu iliyoje kuisema, akampikia matufaha ya kuoka ya Thirza, yale ya tende na tangawizi, na jani la mgeraniamu, ua lile linukialo, chini yake.

Corin alionja kijiko kimoja. Akakiweka chini, machozi yakamtoka.

"Samahani. Ni kama kuna mtu ameketi nasi."

"Nani?"

"Mke wangu. Nahisi kama ananiambia sasa basi, niendelee na maisha."

Hapo ndipo Nerida alipotakiwa kusema. Angesema siku ile, pangekuwa na aibu ya dakika kumi. Lakini alimwona amelainika vile, akaogopa kumpoteza. Jumamosi iliyofuata akapika ukurasa mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini hii ya Nerida ilimchukua miezi kumi na mmoja na pete ya uchumba. Hofu yake ilikuwa moja tu, na ilimlaza macho: kama Corin alimpenda yeye, au alipenda mkono aliouazima.

*

Jumapili aliandika ujumbe.

*"Corin, niruhusu nikueleze. Kisha ukitaka kuniacha, niache."*

Ulisomwa. Haukujibiwa.

*"Angalau niambie umefika salama."*

Nao ukasomwa. Jumatatu mchana simu ikaita, namba ngeni.

"Wewe ndiye Nerida wa maktaba?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama, sijakuzaa. Mimi ni Merle."

Nerida akasimama wima kana kwamba anaonekana.

"Jana Corin alikuja getini kwangu. Miaka minne hajalikanyaga. Nikamfungulia mbwa, mbwa mwenyewe mjinga akaenda kumlamba. Anasema kitabu cha mwanangu kipo. Kipo?"

"Kipo."

"Kurasa zote?"

"Zote."

Nerida alisikia pumzi nzito za mtu mzima.

"Nilimtukana yule mwanamume mbele ya watu. Nikamnyima hata salamu. Akiugua nilikuwa naona taa yake ng'ambo ya barabara na siendi. Unajua wewe ulikalia nini?"

"Najua."

"Hujui. Kesho saa nne asubuhi tuko hapo." Akakata.

*

Walifika saa nne kasoro. Merle alikuwa amevaa koti la kanisani, Corin yuko nyuma yake. Hakumtazama Nerida.

"Mkoba unabaki kwenye kabati," Nerida alisema, "na mikono mnanawia pale."

"Ninawe? Kitabu hiki kimeshikwa na mikono ya unga miaka mia."

"Ndio utaratibu, Merle."

"Utaratibu," Merle akasema, akaenda kunawa huku anasonya. "Sasa ndio mnakumbuka utaratibu."

Nerida alikileta kitabu kwenye toroli, akakilaza juu ya mto, akaifungua kamba. Merle hakusoma. Kwanza aliinama, akanusa.

"Karafuu," alisema kwa sauti ndogo. "Hii ni kabati ya mama yangu."

Akafunua kurasa kwa ncha za vidole. Kwenye doa moja la kahawia akasimama. "Hili nililimwaga mimi, nina mimba ya Thirza, nimechoka, nimekasirika." Akaendelea. Kisha akafika penye penseli, midomo ikawa inacheza bila sauti. Nerida aliujua ukurasa ule. *Mama anazidisha chumvi. Usimwambie, atalia.*

Merle alicheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akaanza kulia kweli.

"Mshenzi mdogo! Ona, ona anavyonisema!"

Alinyoosha mkono bila kugeuka, akaushika mkono wa koti la Corin, akaukamata.

"Nisamehe, Corin. Nilikuonea."

"Nilishakusamehe zamani. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa najishuku. Kila nikiwasha moto wa matawi nilikuwa nachungulia kwanza ndani."

Nerida alitamani kutoka, lakini msomaji haachwi peke yake na kitabu, kwa hiyo alisimama palepale kama mshtakiwa. Hatimaye Merle akamgeukia.

"Kwa nini alikileta huku? Nyumbani alikosa rafu?"

Nerida angeweza kupaka asali. Akaamua kutopaka.

"Alisema Corin akikipata, atakula na marehemu mpaka azeeke. Alisema, 'Nataka siku moja ale chakula cha mtu mwingine.'"

"Rudia," Corin alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Nerida tangu Jumamosi ile ya keki.

Nerida akarudia.

"Na wewe," Merle akasema polepole, "ukampikia hicho hicho."

"Ndiyo."

"Mwanangu amemfungua kamba huku anakufa. Wewe ukaiokota, ukamfunga nayo tena."

"Ndiyo, Merle. Sina cha kujitetea. Mimi sina mkono wa kupika, nikipika changu watu wanaomba mkate. Na nilikuwa nimeshampenda humu, kwenye haya maandishi. Nilipomwona niliogopa kwenda mbele yake mikono mitupu."

Corin alivuta kiti, akafunua kurasa mpaka kwenye matufaha ya kuoka. Pembeni Thirza alikuwa ameandika: *C. anayapenda kupita kiasi.* Akasoma, akasoma tena, akakuna shingo.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?"

"Siyapendi. Sijawahi kuyapenda. Tende zilizopikwa zinanitia kichefuchefu."

Merle alitoa macho. "Corin!"

"Siku ya kwanza alipoyapika alijiunguza kidole, nikaona haya, nikasema matamu. Basi ikawa kila Jumapili, miaka kumi na mmoja. Ningeanzia wapi kumwambia?"

"Lakini kwangu ulilia," Nerida alisema. "Kijiko kimoja tu, ukalia!"

"Nililia kwa sababu siku ya mazishi niliapa. Nilisema, arudi tu, nitayala yale matufaha kila siku ya Mungu na sitakunja uso. Kisha nikaja kwako, mgeni, ukayaweka mezani. Nikadhani kiapo kimesikika huko aliko." Alimtazama sasa, usoni kabisa. "Miezi kumi na mmoja nimekula vitu nisivyovipenda nikiamini ni ujumbe wa mke wangu. Na wewe ulikuwa unajua anayeuleta ni nani."

Nerida aliona baridi mpaka kwenye meno.

"Nijibu jambo moja," Corin akaendelea. "Unanijua mimi, au unamjua huyu C.?"

Jibu zuri lilikuwepo. Lingesikika vizuri mno, na lingekuwa uongo mwingine.

"Sijui," alisema.

Corin akatikisa kichwa. Akakifunga kitabu kwa mikono miwili, akaifunga kamba.

"Basi harusi isubiri. Jumamosi mchana njoo shambani. Usilete chochote. Hata mkate usilete."

*

Nerida alifika mikono mitupu, na kwa mila za kule hiyo ni kama kufika bila nguo. Bomba la moshi la jikoni lilikuwa linafuka. Ndani, lile jiko la chuma lilikuwa limewashwa, linalialia kwa joto baada ya miaka minne ya ubaridi. Alijikuta anatazama kona zote. Kiti cha dirishani kilikuwa na mto uliobonyea katikati, naye hakuthubutu kukikalia.

Corin alikuwa ameshika mwiko kama mtu aliyeshika nyoka.

"Nimepika mimi. Supu ya kondoo. Sijawahi kupika maishani, kwa hiyo hakuna mtu humu ndani ila mimi."

Alipakua. Nerida akaonja, akameza kwa shida.

"Ikoje?"

"Mbaya."

"Mbaya kiasi gani?"

"Chumvi. Kama umeichota baharini."

Corin akaonja mwenyewe, uso ukamkunjamana. "Mungu wangu." Akaweka kijiko, akasubiri kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na chumba cha pili.

"Kitabu kinasemaje? Chumvi ikizidi?"

"Sijui kitabu kinasemaje," Nerida alisema, na kweli hakukumbuka. "Mama yangu alikuwa anatia kiazi kizima kinyonye."

"Mama yako?"

"Alikuwa mpishi mbaya kuliko mimi. Chumvi kwetu ilikuwa kama sala, kila mlo ipo. Viazi tulikuwa navyo gunia zima kwa kazi hiyo tu."

Corin alicheka. Halafu akaacha, akamtazama kama mgeni aliyekutana naye stesheni.

"Hujawahi kunisimulia habari za mama yako."

"Hujawahi kuniuliza. Muda wote tulikuwa na Thirza."

Jiko likalia tena. Hakuna aliyegeuka. Nerida alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje. Hakuwa analia kwa woga. Alikuwa amemkumbuka yule mwanamke wa foronya, na kwa mara ya kwanza alimkumbuka kama mtu aliyekwisha kwenda.

"Ninamlilia," alisema. "Najua sina haki."

"Lia tu. Mimi pia."

Mnaouliza kama walioana: walioana mwezi wa kumi, ambao kule ni majira ya maua, mitufaha imechanua, na Merle alikaa mstari wa mbele na koti lake. Lakini mimi ndoa yao naihesabu tangu Jumamosi ile, Corin alipoinuka, akachagua kiazi kikubwa kapuni, akaanza kukimenya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na maganda. Akakitumbukiza sufuriani.

"Kinachukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Basi tuna nusu saa," alisema, akavuta kiti karibu na chake. "Mama yako aliitwa nani?"

"Dulcie."

"Nisimulie."